Mshenga wa Dakika Kumi na Tano

Ijumaa, 9 Januari

Kwa heshima na taadhima, natangaza kwamba leo nimehitimu kitabu cha uongozi. Sikukigusa. Hata jalada lake silijui ni la rangi gani. Simu yangu siku hizi ina programu inayokamua kitabu kizima kama nazi, ikatupa machicha, ikanisomea tui kwa dakika kumi na tano. Nikiongeza kasi, hata hizo haziishi. Wiki hii nimemaliza uongozi, usingizi, biashara na historia ya chumvi. Ya chumvi nilidhani ni mapishi.

Dukani hapa Dunda nimeuza kanga doti moja tu. Wateja wananikatiza.

Ashatu, mke wangu, kaniuliza huo uongozi umenifundisha nini. Nikamwambia kiongozi haulizwiulizwi. Kasema vizuri, basi kiongozi akanunue nazi.

Jumamosi, 10 Januari

Habari nzito! Mahmoud, mtoto wa mdogo wangu Dija, anataka kuoa. Binti anaitwa Sabiha, wa Kaole. Kijana kajenga chumba na sebule Mapinga, kapaka rangi, katundika pazia. Kilichobaki ni mke. Sasa anatafutwa mshenga wa kupeleka posa.

Dija hata hakunitazama. Kasema Abdulazizi, kamaliza. Huyu ni shemeji yangu, kaka yake Ashatu. Kila ndoa ya mji huu anadai kaiposa yeye. Kanzu yake imepigwa pasi mpaka inakata. Na anasoma vitabu vizima! Karne hii, mtu na akili zake, anasoma vizima!

Mimi ndiye mjomba mtu. Nimekaa pale kama kigoda.

Jumapili, 11 Januari

Nimesikiliza muhtasari wa ushawishi. Siri yake: mtaje mtu kwa jina lake mara nyingi, moyo utalainika. Nikaenda kwa Dija. Habari za asubuhi, Dija? Nimefikiri sana, Dija, kuhusu posa ile, Dija.

Kaniwekea kiganja kwenye paji la uso. Kisha kamtuma Mahmoud akaninunulie dawa ya malaria.

Jumatatu, 12 Januari

Alhamdulillahi, ingawa si vizuri kushukuru kwa ugonjwa wa mwenzio. Abdulazizi jana kashangilia mpira mpaka sauti imekatika! Anaongea kama pampu ya baiskeli. Dija katazama huku, katazama kule, kaishia kwangu. Kasema haya kaka, nenda, Abdulazizi atakaa pembeni yako. Ila sema ulichotumwa, usitie na chako.

Mahmoud kanishika mkono kwa mikono yake yote miwili. Kasema shangazi yake Sabiha ana mposaji mwingine wa Tanga, anangoja tu sisi tuharibu. "Mjomba, usiniangushe."

Nimuangushe? Nimeshapata muhtasari wa majadiliano. Siri yake: nyamaza. Anayeanza kusema ndiye aliyeshindwa. Rahisi hivyo! Watu wanasomea miaka.

Jumanne, 13 Januari

USHINDI!

Tulipokelewa Kaole, sebuleni kwa Bi Tatu, huyo shangazi, ndiye msemaji wa upande wao. Shikamoo, marahaba, habari za tokea huko, kahawa, kashata. Nikatoa ujumbe wangu vizuri, bila kukwama. Akaanza kutaja masharti. Nikachomoa silaha. Kimya! Midomo yake ikasimama. Ikaenda tena. Kimya! Abdulazizi akanifinya paja. Wivu. Akanifinya tena, pampu ikakoroma. Nikazidisha kimya, nikatia na tabasamu dogo. Bi Tatu akasema jambo la tatu, akaningoja. Mimi tabasamu tu. Ghafla nyuma ya pazia, vigelegele!

Nimerudi mjini shingo imenyooka. Dija kauliza masharti yenyewe yalikuwa yapi. Nikamwambia asijishughulishe na mambo madogo madogo.

Jumatano, 14 Januari

Asubuhi limeingia sinia kutoka Kaole, limefunikwa kawa. Wali wa nazi, kuku wa kupaka, vitumbua. Mletaji kasema ni la bwana harusi. Ashatu kamwelekeza kwa Mahmoud, nyumba ya pili. Mletaji kasema, "La, mama. Nimeambiwa bwana harusi Mwishehe."

Mwishehe ni mimi.

Na leo, kati ya siku zote, Abdulazizi kapata sauti! Kaeleza kila kitu mlangoni kwangu, Dija na Ashatu wakisikia. Sharti la kwanza: Sabiha asipelekwe Mapinga, waishi Kaole kwa Bi Tatu. Nikanyamaza. La pili: harusi ingoje mwakani. Nikanyamaza. La tatu: Kuruthumu, mdogo wake Bi Tatu, ni mjane, je, mshenga atamchukua? Nikanyamaza na kutabasamu.

Nikajitetea kwamba ile ni mbinu, ipo kitabuni. Abdulazizi kacheka mpaka sauti ikataka kukatika tena. "Mbinu gani? Pwani yote hii mwali akiulizwa akanyamaza, keshakubali. Umeolewa, shemeji!"

Ashatu hakupiga kelele. Hapo ndipo nilipoogopa. Kakaa, kala kuku wote, kaniachia wali.

Jioni Mahmoud kapita mbele ya duka bila kunisalimia. Kijana niliyemfundisha mimi baiskeli. Nimefunga duka mapema.

Alhamisi, 15 Januari

Tumerudi Kaole: mimi, Abdulazizi, na Ashatu ndani ya doti mpya kutoka dukani kwangu, ambayo sikuulizwa. Nilikuwa na hotuba ya kuomba radhi. Kabla sijafungua mdomo, Bi Tatu kainama mpaka sikioni mwangu, kapiga ukelele: "POLE BABA! LEO UNASIKIA?"

Kisha kamgeukia Ashatu kwa upole. Kumbe juzi kofia yangu ilipanda, akaona kidude cheupe sikioni. Akajua ni mashine ya kusikia, na imeharibika. Masharti mawili aliyasema kweli. Alipoona natabasamu tu akashuku, akamtaja Kuruthumu ili anipime. Vigelegele na sinia vilikuwa utani. Kuruthumu mwenyewe kasema kutoka nyuma ya pazia kwamba mume asiyemsikia alishapata mmoja, marehemu, Mungu amrehemu, na hataki wa pili.

Abdulazizi kaanza posa upya. Kasikiliza, kajibu, kabembeleza, kachekesha. Alizungumza vizuri, naandika hivi kwa shida. Mapinga imekubaliwa. Harusi ni Shaabani hii, kabla ya mfungo. Sabiha kaulizwa na mama yake. Kanyamaza.

Vigelegele! Safari hii vya haki.

Na mimi? Nilikaa na ukiziwi wangu. Aliyeniletea kahawa aliitangaza kama adhana.

Ijumaa, 16 Januari

Sasa ukweli wenyewe, maana karatasi haiendi kusimulia barazani.

Mashine ya kusikia sina. Kile kidude ni hedifoni ndogo isiyo na waya. Niliivaa chini ya kofia ili nirudie somo la kunyamaza pale pale kazini. Bi Tatu alipokuwa akitaja Mapinga, bwana wa kwenye simu alikuwa akinieleza kwamba kunyamaza hakufai kitu usipomsikiliza mwenzako neno kwa neno. Sikunyamaza kwa ujanja. Sikusikia hata sharti moja. Ashatu anajua. Kasema ataitunza siri hii mpaka siku atakayoihitaji.

Mahmoud kaja dukani. Kanisalimia kwa kelele mpaka jirani katoka nje, kisha kanikumbatia. Nikaona ukiziwi si mbaya hivyo.

Hata hivyo, mtu hujirekebisha. Nimepata kozi kamili: Namna ya Kusikiliza Watu. Ina na cheti! Nimeiweka kasi mara mbili, nimeruka utangulizi, ipo sikioni sasa hivi naandika. Ashatu kachungulia kutoka jikoni, yuko na Dija, kaniuliza jambo. Nimeitikia kwa kichwa na tabasamu dogo.

Wanapiga vigelegele. Sijui nimekubali nini.