Hukumu Niliyoiwahi

Jumatatu, 3 Machi

Kesho hukumu ya vibanda! Mji mzima unaisubiri: manispaa ina haki ya kubomoa vibanda vya kando ya barabara, au haina? Mimi ndiye mchambuzi wa sheria wa redio yetu. Sheria sijasomea, lakini sauti ninayo. Kero yangu ni Wakili wa Mto. Huyo ni wakili wa kweli, huja mahakamani na mto wa kukalia, husikiliza mpaka neno la mwisho, kisha huja redioni kunikosoa. Bosi kasema anabakiza mchambuzi mmoja tu. Kesho namwahi!

Mama mkwe kauliza kama akihamishe kibanda chake cha ushonaji. Manispaa wameshakipiga alama nyekundu. Nimemwambia atulie, mkwewe yumo humo humo kwenye sheria. Akanitazama tu. Mimi na mke wangu tunakaa chumba chake cha uani, kwa hiyo kunitazama ni haki yake.

Jumanne, 4 Machi

Ushindi! Jaji kavaa miwani, akaanza kusoma. Wenye vibanda wamekaa pale miaka. Wanalea familia. Hawakupewa notisi. Kuwabomolea ni uonevu mtupu. Kila sentensi tamu kuliko iliyopita! Nikajiuliza, hapa nasubiri nini tena? Nikachomoka. Wakili wa Mto akanivuta shati, akaninong'oneza kwamba jaji bado anaeleza madai ya upande mmoja. Wivu huo! Mbio mpaka redioni. Nikatangaza: vibanda vimeshinda, shoneni, uzeni, pakeni rangi!

Mama mkwe alikuwa ameshapakia cherehani kwenye mkokoteni. Kusikia sauti yangu, akaishusha. Jioni kaniwekea mnofu mkubwa kuliko wote. Haijawahi kutokea tangu nioe.

Jumatano, 5 Machi

Balaa. Kumbe jaji aliendelea. Akaeleza na madai ya manispaa. Halafu, mwishoni kabisa, akaamua: manispaa imeshinda. Mtu mzima na akili zake anafichaje jambo zito hivyo mwishoni?

Tingatinga limekuja asubuhi. Kibanda kwisha! Cherehani imeokolewa, lakini imepinda. Mama mkwe alikaa juu ya mbao zake anazungusha gurudumu la cherehani, haliendi. Roho iliniuma, sisemi uongo. Nikamweleza kwamba kisheria bado kuna rufaa. Akaniambia nitoke mbele ya macho yake. Kipindi kapewa Wakili wa Mto.

Ijumaa, 7 Machi

Mama mkwe kanishtaki kwenye baraza la mtaa! Anataka nihame, mke wangu abaki. Nimemuuliza mke wangu yuko upande gani. Kasema anasubiri uamuzi. Mke gani huyo, jamani?

Jumatatu, 10 Machi

Nimetoka barazani. Nilijitetea mpaka nikajipenda. Wakili wa Mto alikuja kumsimamia mama mkwe, tena bure, na mto wake kwapani. Mwenyekiti kavaa miwani, akaanza. Mkwe huyu ni mtu wa familia. Alikosea kwa nia njema. Hana pa kwenda. Kumtoa nje ni ukatili. Machozi yalinilengalenga. Hatimaye mtu anayeijua sheria! Mke wangu alinikonyeza nikae. Nikae nini, na nimeshinda? Nikachomoka kwenda redioni kudai kipindi changu. Mlinzi kanizuia mlangoni, basi nikamtangazia yeye ushindi wangu, kwa kirefu. Kasikiliza vizuri sana.

Sasa niko nyumbani. Yaani, nje ya geti. Godoro langu liko hapa ukutani, na sanduku langu limefungwa kamba vizuri. Mama mkwe bwana! Hukumu haijapoa, ameshaanza kunianikia matandiko. Geti limefungwa kwa ndani, na nikigonga hawasikii, nadhani wako jikoni wananiandalia. Naandika nikiwa nimejilaza. Juu ya godoro nimekuta na mto wa Wakili. Kausahau, mzembe yule.