Bomba Linyamaze Kabla Hajarudi

Jumatatu, 4 Machi
Mke wangu kapiga simu kutoka hospitali. Upasuaji umekwenda salama, Ijumaa anarudi! Nililia kidogo, nikasingizia vitunguu. Ombi lake moja tu: akute bomba la jikoni limeacha kudondosha, kichwa chake kinataka utulivu. Akasema nimwite kaka yake, fundi bomba. Nikajibu shemeji ametingwa na kazi. Uongo mtupu! Yule tangu tujuane ananiita Mikono Laini. Nitatengeneza mwenyewe. Bomba ni kitu gani, bwana!

Jumanne, 5 Machi
Nimelifungua. Kipira cha ndani kimeliwa chote. Mwenye duka la vifaa ni rafiki wa shemeji, nikinunua kipya atanitangaza mtaa mzima. Nikakata kipira kutoka kwenye ndala. Kimekaa barabara! Nikajipongeza kwa chai. Ndipo nikaitazama ile ndala vizuri. Ni ya mke wangu, mpya, haijavaliwa. Nikampigia nikatubu. Alicheka mpaka nesi akamnyang'anya simu, eti atafumua nyuzi. Jamani, kicheko chake nilikikosa.

Jumatano, 6 Machi
Limeanza tena. Nikakaza. Nikakaza zaidi. Kichwa cha bomba kikabaki mkononi! Maji yakaruka mpaka darini. Nikakimbia nje kufunga koki kuu, kumbe nimefunga ya jirani. Mama wa watu katoka bafuni na povu masikioni, akaniuliza nina wazimu au nimetumwa. Mwishowe nikaipata yetu. Halidondoshi tena. Ila nyumba nzima haina maji.

Alhamisi, 7 Machi
Mgonjwa anarudi kesho, na hakuna hata maji ya kumkanda! Nikakaa juu ya ndoo tupu, roho ikaniuma kweli. Nikampigia shemeji. Alifika mbio, akacheka mpaka akaegemea ukuta. Kisha akasema naye hajapata usingizi kwa ajili ya dada yake. Akafunga bomba jipya, tukadeki pamoja. Nikajikuta nampenda. Nimekasirika sana.

Ijumaa, 8 Machi
Amerudi! Kakonda, lakini nyumba imekuwa nyumba. Akauliza nani katengeneza bomba. Nikasema mimi, shemeji alinishikia tochi tu. Shemeji akakohoa, akaniachia sifa. Mke wangu akanishika mkono, akajilaza. Kitanda kikalia kwaa! Akasema taratibu kwamba kesho tumwite seremala. Nimemwambia apumzike, mume yupo. Kitanda ni mbao nne tu. Msumeno nimeshaazima.