Msimu Mzima wa Theluji, Mimi Peke Yangu

Jumatatu, 16 Juni

Theluji imeshuka mpaka kwenye banda la kuku. Nimeamua! Mwaka huu nateleza msimu mzima, Juni hadi Septemba, mimi na mbao zangu za kutelezea theluji, bila mtu wa kuniita.

Miaka arubaini nimekaa chini ya milima hii nikikausha soksi za watu. Kwanza za marehemu Rudecindo, mume wangu, fundi wa viti vya waya vinavyopandisha watu mlimani. Kila siku yeye juu, mimi chini. Hata siku moja hakusema twende. Kisha soksi za watoto. Kisha za wajukuu. Maite, mjukuu wa mwisho, kaenda kusoma mjini Temuco tangu Machi, kaacha daftari hili nusu tupu. Siwezi kuona karatasi inapotea bure. Ndiyo maana naandika, ingawa shule niliishia darasa la nne.

Kuteleza najua. Utotoni tulienda shule kwa mbao alizochonga baba. Goti moja zima kabisa. La pili linajitahidi.

Nimeuza nguruwe wawili. Fedha ni hiyo, hakuna nyingine. Milima ni mitatu. Cumbre Dorada, ya matajiri. Paso Hondo, mbali, mwendo wa saa tatu kwa basi. Na El Colihue, hapa hapa, nusu saa. El Colihue wanatoa kadi ya msimu bure kwa kila aliyetimiza miaka sabini. Bure!

Mimi nina sabini na mmoja. Lakini hakuna anayejua. Hapa kijijini nina sitini na tatu, na nimekuwa na sitini na tatu kwa miaka minane sasa. Nilianza kwa sababu ya Herminda, jirani yangu, mwenye sitini na nane, mwenyekiti wa Klabu ya Wazee, anayeita watu wazee kana kwamba anawagawia pipi. Kila mwezi ananiuliza nitajiunga lini. Kila mwezi namjibu: nikizeeka, dada yangu. Na anayetoa kadi El Colihue ni nani? Yasna, mke wa mwanawe Herminda. Mdomo wake hauna mlango.

El Colihue basi. Imekufa.

Jumanne, 17 Juni

Nimekwenda Cumbre Dorada. Watu wamevaa rangi za peremende, miwani mikubwa kama nyuki. Binti wa dirishani akanitajia bei ya msimu. Nikamuuliza kama nikishalipa mlima unakuwa wangu au nauacha. Hakucheka. Nguruwe wangu wawili wananitosha siku tisa. Siku tisa! Na wale nguruwe walikula miezi kumi!

Akatazama mbao zangu. Akasema kwa upole, bibi, hizi zingependeza ukutani, kwenye mgahawa. Nikamwambia hata yeye angependeza ukutani, hasemi kitu cha maana.

Nikakaa ngazini nikala mayai yangu ya kuchemsha. Mlinzi akaja kusema ni marufuku kula chakula cha kutoka nyumbani. Nikampa yai. Akatazama kushoto, akatazama kulia, akala. Akaomba chumvi.

Cumbre Dorada hapana. Lakini nimeuona mteremko wao. Mweupe, mpana, kama shuka mpya. Roho yangu ilitaka kuruka ukuta.

Alhamisi, 19 Juni

Nina akili kuliko watu wanavyodhani. Huko Paso Hondo wanatafuta mpishi. Kitanda bure, chakula bure, viti vya waya bure. Nimeamka mapema, saa tatu ndani ya basi, begi, mbao begani, abiria wananung'unika kwamba nimewapiga kichwani. Nikawaambia wainame.

Mpishi mkuu, kijana mwenye ndevu kama kamba ya viatu, akaniambia nipike kitu. Nikapika sopaipilla, maandazi yetu ya boga. Akaonja. Akasema mafuta ya nguruwe yapunguzwe, wageni wanaogopa. Nikamwambia mgeni anayeogopa mafuta lakini haogopi kujitupa mlimani kichwa chini, huyo aonwe na daktari. Jikoni wote wakacheka. Akasema sawa, umepata kazi.

Nimepata kazi! Nikashika mlango nitoke kuuona mlima. Akanipa saa: kuingia kumi na mbili asubuhi, kutoka kumi na mbili jioni, kila siku isipokuwa Jumatatu. Nikauliza viti vinafungwa saa ngapi. Saa kumi na moja. Na Jumatatu? Jumatatu vinapumzika, mama, vinatiwa grisi.

Sasa nitateleza saa ngapi? Ndotoni?

Nikavua aproni. Nikachukua sopaipilla zangu zote, hata aliyokuwa ameing'ata.

Jumapili, 22 Juni

Wladimir, mwanangu, kapiga simu kutoka Temuco. Kaambiwa na mtu wa basi. Eti mama, umri wako, mbao begani, ukivunjika nani atakuokota? Njoo ukae kwetu, tuna mashine ya joto ukutani, unakaa tu. Nikamwambia kukaa tu nitakaa nikishakufa, tena nitalala kabisa. Akasema basi angalau nisiende peke yangu. Nikamwambia peke yangu ndiyo safari yenyewe! Milima nimeiona miaka yote. Upweke ndio sijawahi kuuonja.  Kisha akaniuliza soksi zake za sufu za bluu ziko wapi.

Mnaona?

Jioni Herminda akaja na keki ya matofaa. Huyu haleti keki bila sababu. Akakalia kiti cha karibu na jiko, kama kawaida, maana yeye ndiye mkubwa. Kipande cha kwanza cha keki akachukua yeye, maana yeye ndiye mkubwa. Miaka minne nakula kipande cha pili na kukaa penye upepo! Akasema nasikia unatafuta mlima, mwenzangu. Nikasema natafuta kuku. Akasema kuku hatafutwi kwa mbao. Kisha akatazama dirishani muda mrefu, kwenye theluji, akasema kwa sauti ndogo kwamba yeye hajawahi kufika juu. Nikajifanya sikusikia. Nilijua ningejibu angeniomba nimpeleke.

Jumatatu, 23 Juni

Mkesha wa sikukuu ya San Juan. Nimemwachia mtakatifu achague.

Kila mtu hapa anajua namna yake: viazi vitatu chini ya kitanda, kimoja na maganda yake, kimoja kimemenywa nusu, kimoja kimemenywa chote, na usiku wa manane unavuta kimoja bila kutazama. Chenye maganda ni neema, kilichomenywa ni ukata. Mimi nimekipa kila kiazi mlima. Maganda: Cumbre Dorada, labda mtakatifu atanionyesha njia. Nusu: Paso Hondo, nitarudi nimwombe radhi mwenye ndevu. Uchi: El Colihue. Na usiku wa manane sikusubiri. Mimi nalala saa mbili. San Juan ni mtu wa mashambani, ataelewa.

Mtaka cha uvunguni sharti ainame. Niliinama, goti likalia kama mlango wa zizi. Nikavuta. Uchi.

Nikasema hiyo ilikuwa ya majaribio. Nikachanganya. Nikavuta. Uchi!

Nikakisukuma mpaka ukutani kwa fagio. Nikazunguka upande wa pili wa kitanda ili nisijue kiko wapi. Nikapapasa. Uchi!!

Nikakichemsha nikakila na siagi. Halafu nikakaa nikafikiri. Mtakatifu kasema mara tatu. Kubishana na mtu wa mbinguni nako kuna mwisho wake. El Colihue basi. Lakini kwa akili. Yasna hafanyi kazi Jumatano, kila mtu anajua, Jumatano humpeleka mtoto kwa daktari wa meno. Nitaenda Jumatano, dirishani atakuwapo mgeni asiyenijua, nitapewa kadi, nitaificha ndani ya sweta. Umri wangu utabaki kati yangu, serikali na sweta.

Jumatano, 25 Juni

Daktari wa meno ana mafua!

Nilipofika dirishani, nani? Yasna. Nikataka kugeuka. Foleni ilishaniziba. Na foleni yenyewe ni nani? Klabu nzima ya Wazee, wamekuja na basi la manispaa kunywa chai na kutazama theluji kwa dirisha. Wa kwanza nyuma yangu, pua yake shingoni mwangu: Herminda.

Ningeweza kulipa. Nguruwe walikuwa mfukoni. Ningelipa siku tisa, kumi na mbili labda, nikabaki na sitini na tatu yangu. Mkono uliingia mfukoni kabisa. Halafu nikatazama juu. Jua lilikuwa limegonga kilele. Viti vinapanda vitupu, kimoja, kimoja, kimoja, kama vinaniulizia.

Nikatoa kitambulisho. Nikamwambia Yasna kwa kunong'ona asome kimoyomoyo. Yasna hana kimoyomoyo. Akamgeukia mwenzake wa kwenye kompyuta akapiga kelele: Zunilda Sepúlveda, amezaliwa elfu moja mia tisa hamsini na nne!

 Hata mashine ya kahawa ilinyamaza.

Nikamsikia Herminda anahesabu kwa vidole. Akafika kidole cha tatu. Akasema, basi wewe ni dada yangu mkubwa. Nikasema serikali hukosea. Akasema serikali hukosea kujenga barabara, haikosei miaka ya kuzaliwa. Kisha akafanya jambo baya kuliko kucheka. Akanishika mkono, akageukia foleni, akatangaza: jamani pisheni, wakubwa kwanza! Wakapisha wote! Wazee wenye fimbo wakanipisha! Bwana Audolio mwenye mguu wa chuma akanipa kiti!

Nimerudi nyumbani uso unawaka. Lakini kadi ninayo. Bure mpaka mwisho wa Septemba. Nimeitundika juu ya jiko. Picha ni mbaya sana.

Ijumaa, 27 Juni

Nimeteleza.

Niliamka kabla ya kuku. Nikapanda kiti cha kwanza, miguu inaning'inia, chini miti ya araukaria imebeba theluji kama wanawake wenye mitungi. Juu hapakuwa na mtu. Nikavuta pumzi. Hakuna aliyeniita. Nikasubiri kidogo, kwa mazoea. Hakuna.

Nikajiachia.

Kona ya kwanza niliikumbuka. Ya pili mbao zilinikumbusha. Ya tatu nilianguka, nikakaa kwenye theluji nikicheka peke yangu kama kichaa. Nikainuka. Nikaanguka tena mara mbili. Vijana waliopita waliniuliza, bibi, uko salama? Nikawaambia waangalie mbele, wao ndio wanaotisha. Nimeshuka mara saba. Ya saba niliimba. Upepo ulinitoa machozi, upepo tu, na aliyeko mbinguni shahidi. Rudecindo, mambo haya ulikuwa unayaona kila siku, na ukirudi unaniambia ni baridi tu!

Saa saba njaa. Kwenye mgahawa wa El Colihue ukutani pameandikwa: waliotimiza miaka themanini, supu na mkate wa moto bure kila siku, kiti karibu na jiko. Ilikuwa supu ya kuku, ya mahindi, nasikia harufu. Binti wa jikoni akanitazama. Nikasema: natimiza themanini na moja Oktoba.

Hakuomba kitambulisho. Alinitazama usoni tu, akaamini. Hilo lilinichoma kidogo. Lakini supu ilikuwa tamu. Nikaongezewa paja.

Jumapili, 29 Juni

Balaa, lakini si kubwa.

Binti wa jikoni kamwambia Bwana Iturra, msimamizi wa mlima. Bwana Iturra kaja na maua kwenye kiti changu karibu na jiko. Eti mimi ndiye mtelezaji mkongwe kuliko wote katika bonde, fahari ya El Colihue, redio inakuja Jumamosi. Nikataka kusema neno. Mdomo ulikuwa na mkate. Kisha akasema kwa masikitiko kwamba kuna sheria moja: mwenye themanini hapandi bila mwandani. Kila siku, kila kiti, awe na mtu wa kumwangalia. Usihofu, Bibi Zunilda, ameshapatikana wa kujitolea, mama mmoja mwenye moyo mwema.

Nani? Akaingia Herminda, amevaa koti la njano la mwanawe, na viatu vya mvua.

Nikangoja aseme. Anajua mwaka wangu, kauhesabu kwa vidole. Hakusema. Alisubiri Bwana Iturra aende, akakaa penye upepo, akaniachia kiti cha jiko, akanong'ona: sikiliza, dada mkubwa. Wewe nyamaza na mimi ninyamaze. Yasna nimeshamwambia nitamshona mdomo, na Klabu nzima inanisikiliza mimi mwenyekiti. Miaka thelathini natazama mlima huu kwa dirisha la basi la manispaa, hakuna aliyewahi kuniambia twende. Hata wewe.

Nikamwuliza kama anajua kuteleza. Akasema hapana, lakini kuanguka anajua, na si ndiyo nusu ya kazi?

Nimempa nusu ya supu. Kesho saa tatu namfundisha kusimama, na nikiona amesimama nateremka mbio nimwache.

Kumwambia Bwana Iturra ukweli nimefikiria. Nimefikiria kwa dakika nzima. Lakini kuku ni kuku, na jiko ni jiko, na sasa kipande cha kwanza cha keki ni changu. Nina njia bora zaidi. Kesho nitamwuliza, kwa mbali, kana kwamba namwulizia rafiki yangu, sheria inasemaje kwa mwenye miaka tisini. Huyo bila shaka anaruhusiwa kupanda peke yake. Wenzake wa kumwandama wote wameshakufa.