Kilima cha Kokoto

Gazeti lililofungiwa sabuni lilisema nchi mbili zinagombea kilima kimoja mpakani, na kwa miaka kumi na mbili hakuna raia aliyeruhusiwa kukikaribia. Wengine waliisoma habari hiyo wakasikitika. Bingwa aliisoma akaona jambo moja tu: hakuna anayejua kilima chenyewe kinafananaje.

Dada yake, mwenye studio ya picha za pasipoti, alikuwa amempa hadi Ijumaa alete chochote cha maana, la sivyo ahame chumba cha nyuma. Basi Bingwa akaazima kamera ya dada, akalala kifudifudi kwenye jengo linalojengwa, akapiga picha rundo la kokoto alfajiri, vumbi la saruji likiwa ndio ukungu. Picha ikatoka nzuri ajabu. Tusimwonee: sanaa ilikuwepo, kilichokosekana ni kilima tu.

Akampelekea muuza samani, mzee anayenunua chochote kitakachopanda bei.

"Ulifika mwenyewe?"

"Kwa miguu yangu hii, mzee wangu."

"Na mabomu ya ardhini?"

"Yamejaa tele. Ila ukishayajua, unapita kama unavyopita katikati ya viti vyako hapa."

Mzee akaguna kwa heshima. "Niandikie hayo yote, utie sahihi. Picha bila maelezo haina thamani. Malipo Ijumaa."

Bingwa aliandika kurasa tatu. Alitaja njia, hatua kutoka mtoni, na mabomu kumi na moja aliyoyaruka, moja baada ya jingine, mpaka akajionea huruma mwenyewe.

Ijumaa gari likasimama mlangoni mwa studio. Akashuka ofisa wa tume ya mpaka, mtu mpole, ameshika zile kurasa tatu.

"Yule mzee wa samani ametuuzia. Ni ghali, lakini siku zote tunamtafuta mtu aliyepita pale akarudi mzima."

"Na malipo yangu?"

"Alisema mmeshamalizana."

Bingwa akarudi nyuma hatua moja. "Afande, zile ni kokoto tu! Dada, waambie!"

"Mzee alituonya kwamba utakana," ofisa akatabasamu. "Mashujaa hawapendi sifa."

Dada akaitazama nakala ya ile picha ukutani, bila haraka.

"Mimi kazi yangu pasipoti, mdogo wangu. Mambo ya vilima unayajua wewe." Akanyoosha mkono. "Kamera iache."

Ofisa akamfungulia mlango wa gari.

"Usiwe na wasiwasi, kule hatutakuharakisha. Wewe utatangulia, nasi tutakanyaga pale unapokanyaga."