Arobaini Niliyomwibia Binti Yangu

Jumatatu, 4 Machi

Magoti yameamka kabla yangu. Mabega nayo. Vidole vimekataa kufunga vifungo vya gauni. Miaka hamsini na miwili, hedhi ilinikoma mwaka jana, nikadhani nimepumzika. Kumbe!

Daktari wa kliniki, kibinti rika la Wani wangu, kasema homoni zimeshuka, ndiyo maana viungo na misuli vinalalamika. Nitembee kila siku, ninyanyue vitu vyepesi, nijikande kwa joto, nisijilaumu.

Nisijilaumu! Anajua nini yule? Miaka ishirini na minane iliyopita, nilipomzaa Wani, nilivumilia kukaa ndani kwa uzazi siku kumi na mbili tu. Kwetu ni arobaini na nne. Nikamtoroka mama, nikaenda harusini kwa rafiki yangu Salbiah, nikaoga mtoni, nikala nanasi na matango, miiko ya mzazi. Mama alilia. Akasema mwili hausahau, utakuja kudai uzeeni. Ndiyo hivi umekuja.

Jumanne, 5 Machi

Wazo!

Wani kajifungua wiki iliyopita, yuko kwangu, namlea. Kila kitu kimo humu ndani: jiwe la kupasha moto, mkanda wa kufunga tumbo, maji ya mizizi, na Mak Som mkunga, ambaye humkanda kila mzazi mara saba. Nitazimaliza siku zangu thelathini na mbili zilizobaki. Kimyakimya.

Kumwomba Wani? Aibu. Mtu mzima, bibi wa mtu, aombe kukandwa kama mzazi! Nimeanza na kikombe kimoja cha mizizi. Nikaongeza maji kwenye birika, asijue.

Alhamisi, 7 Machi

Mkanda una urefu wa kutoka jikoni hadi barazani. Ilibidi Lazim, mume wangu, auvute huku kaniwekea goti kiunoni. Akaniuliza, “Mama Wani, umejifungua nini, gunia la mchele?” Nikamwapisha asimwambie mtu.

Wani aliposinzia nikachukua jiwe. Nikaliweka gotini. Lo! Raha ilivyoniingia, nusura nilie. Alipoamka akauliza jiwe liko wapi, tumbo linamkata. Nikasema labda paka kalibeba. Paka! Jiwe lenyewe mimi nalibeba kwa mikono miwili.

Akanitazama sana. Nimejisikia vibaya hadi adhuhuri.

Jumamosi, 9 Machi

Siku ya maafa.

Mak Som macho yake yana ukungu. Basi alipokaribia kufika nikamtuma Wani akaoge, nikajilaza kitandani kwake, nikajifunika shuka hadi kichwani. Ile mikono! Mabega yakalegea, mgongo ukalegea. Alipofika tumboni akasita. Akabonyeza tena. Akatangaza kwa sauti kwamba tumbo hili limezaa kabla barabara haijawekwa lami.

Mtu akacheka mlangoni. Kamsiah! Mama mkwe wa Wani, katoka mji wa Taiping bila taarifa, kapu la samaki mkononi. Nyuma yake Wani, taulo kichwani. Kamsiah akauliza, “Haya, humu ndani mzazi nani?”

Yakatoka yote. Mizizi ya maji matupu, jiwe, paka. Lazim, niliyemwapisha, akasema ati siku za mwizi ni arobaini, mimi hata wiki sikufikisha.

Jumapili, 10 Machi

Kamsiah kamchukua Wani na mtoto. Kasema kwake mzazi hulala mmoja.

Nilikuwa na neno mdomoni. Samahani, basi. Likageuka njiani, nikawaambia wafunge vizuri mlango wa gari.

Chumba bado kinanukia mtoto. Najuta. Namjutia Wani, namjutia na mama, maana alinipikia, akanikanda, nami nikamtoroka, kisha nikamzika sijamwambia hilo neno.

Chini ya mto nimekuta jiwe, limeviringishwa kitambaa, na karatasi: “Mama, ungeniomba tu. Ningekupa.”

Nimeisoma mara nyingi. Mbona kuomba kunanishinda?

Jumanne, 12 Machi

Wani kapiga simu. Kaniuliza magoti vipi. Nikasema mazima, naweza kucheza ngoma. Akasema hata Mama Kamsiah viungo vinamuuma, tangu hedhi imkome, kila asubuhi hutembea kando ya ziwa na anatafuta mwenzake. Akasema mtoto kaanza kushika kidole. Akasema, “Mama, ukitaka kuja sema tu. Leo leo gari litakufuata.”

Sema tu! Nikasema nina kazi nyingi. Nikakata simu. Nikalia kwenye ngazi, jiwe mapajani, limepoa.

Kisha, wazo!

Ijumaa nitaanguka. Kidogo tu, ngazi ya mwisho ya chini. Goti linauma tayari, kwa hiyo nusu yake si uongo. Lazim atapiga simu Taiping, Wani atanisihi niende nikauguzwe huko, mimi nitakataa. Mara mbili. Ya tatu nitakubali kwa shingo upande.

Begi nimeshafunga. Jiwe limo.