Mudathir na Farasi wa Mabaka

Hakuna farasi duniani ambaye Mudathir hamjui! Hayo ni maneno yake mwenyewe. Sie wa Mwananyamala tulimjua kama fundi feni, lakini tangu aangalie video nne za farasi kwenye simu, alianza kutembea kama waziri wa mifugo.

Basi Zoeb wa duka la vifaa vya umeme alipotaka kuingia ukumbini Kinondoni juu ya farasi siku ya harusi yake, Mudathir akajitosa. "Braza, niachie mie!"

Eufrazia, mwenye farasi, alikuwa safarini. Akamwelekeza kwa simu: "Bandani wapo wawili, wote wa mabaka. Mchukue tobiano. Weupe wake unavuka mgongo, huku hadi huku, kama kanga iliyotupiwa mabegani. Overo muache! Weupe wake uko usoni na ubavuni, mgongoni haufiki. Huyo akisikia tarumbeta anachanganyikiwa."

"Sista, unanifundisha mie? Tobiano ndiye mwenye tabia, overo ndiye mwenye ovaroli!"

Akakata simu.

Bandani akamkuta mmoja ana uso mweupe pe, kama kapakwa poda. "Huyu! Sura ya harusi kabisa!"

Nje ya ukumbi, Zoeb na joho lake la dhahabu akamzunguka mnyama. "Mbona mgongo ni kahawia tupu?"

"Weupe umelala. Akipata joto unapanda."

Gulbahar, shangazi wa bwana harusi, hakushawishika hata kidogo. "Mudathir, mpande wewe kwanza. Bwana harusi ninaye mmoja tu."

Tukamsukuma watu watatu mpaka akakaa. Akapunga mkono kama sultani. Wapiga matarumbeta wakadhani ndiyo ishara.

Paaa!

Jamani! Farasi alitoka kama kafumaniwa! Tulisikia "Mama yanguuu!" moja tu, ikififia kuelekea Manzese. Huko wanaapa alilipita basi la mwendokasi, tena Mudathir kafumba macho.

Zoeb aliingia ukumbini kwa bajaji, akapigiwa vigelegele vilevile.

Saa nzima baadaye, anavyosimulia Eufrazia, simu yake iliita.

"Sista, farasi wako kasimama, anakula maua ya watu barabarani. Wanatupiga picha."

"Mgongo wake uliuangalia?"

"Ndo nauangalia sasa. Ni overo."

"Haya, shuka, shika kamba, umrudishe taratibu."



"Sista… kwani wanashukaga vipi?"