Kimashine Kisichosahau

Jumatatu, 3 Machi
Nina kisukari! Muuguzi kanitamkia kama mtu anayetaja bei ya nyanya. Kanichoma kidole, tone dogo kuliko kichwa cha njiti, kimashine kikafikiri sekunde tano, kikatoa 14.6. Nimetengeneza saa miaka ishirini na sita, sijaona chombo kinachomsoma mtu hivyo. Nimepewa leo hii nirudi nacho nyumbani, pamoja na daftari la kuandikia namba. Sukari marufuku, wali nusu sahani, mboga tele, kutembea kila siku. La sivyo, kasema, kisukari kitakula macho. Wiki iliyopita skrubu ya saa ya kike ilinipotea mbele ya pua. Fundi saa bila macho ni nani? Naogopa, kweli.

Jumanne, 4 Machi
Woga umepungua. Nyumbani mke wangu ananipa chai kavu, bila sukari. Lakini dukani nina saa ya ukutani iliyokufa zamani, tumbo lake tupu. Nusu kilo ya sukari imeingia barabara. Nani atafungua saa kutafuta sukari?

Alhamisi, 6 Machi
Sisimizi! Wametokea kwenye namba sita, mstari mmoja, mbele ya mteja na mbele ya mke wangu aliyeniletea chakula. Mteja aliuliza kama saa hiyo inauzwa na wadudu wake. Njia ya mwongo ni fupi, kasema mama watoto, akaibeba saa nzima.

Sasa anadai kuona namba ya jioni. Nilijipima kwa siri: 15.9. Balaa! Nikamwita shemeji, mdogo wake, tunayemwita Mbavu, mwembamba kama mshale wa dakika, anayetamba kwamba hata mafua hayamjui. Nikamwambia kimashine kinapima ushujaa. Alitoa kidole papo hapo. 5.1. Nikaandika hiyo daftarini. Mke wangu akalia kwa furaha. Niliona aibu, nikaishushia na soda.

Ijumaa, 7 Machi
Kliniki. Muuguzi hakuligusa daftari langu. Alibonyeza kitufe kimoja, kimashine kikataja yote ya jana: 15.9, saa kumi na mbili na dakika mbili, 5.1, saa kumi na mbili na dakika tano. Kina kumbukumbu! Tarehe na saa! Muda wote nikiandika shajara yangu, nacho kilikuwa kikiandika yake, na yake haina uongo. Muuguzi akauliza ni damu ya nani hiyo inayobadilika kwa dakika tatu. Mbavu, aliyetusindikiza, akajibu kwa fahari kwamba ni ya shujaa.

Mlangoni kwetu mke wangu akasema namba hazimhusu, anachotaka ni nimwone akizeeka. Nimeapa. Safari hii kwa moyo.

Jumatano, 19 Machi
Siku kumi na mbili za mboga, nusura nilie kama mbuzi. Jioni tunatembea mimi na yeye hadi kwenye tangi la maji na kurudi, kisha ananisimamia nikijichoma. Leo asubuhi: 6.8. Damu yangu mwenyewe! Dukani nikaikamata ile saa ya kike. Ukungu umeondoka. Nimeiona skrubu, nimeuona na mfereji juu ya kichwa chake, mwanga umetulia humo ndani. Machozi yalinidondoka mezani. Kumbe damu inasikia kila ninachokula! Mungu ni mkubwa.

Jumamosi, 22 Machi
Kesho Mbavu anatimiza miaka arobaini. Keki ya ghorofa mbili, krimu pande zote, nimeiona kwa macho yangu. Tatizo ni kipimo cha jioni. Nimewaza sana. Kimashine kinajua tarehe, maana yake kina saa ndani. Na saa ndiyo kazi yangu! Nikiirudisha nyuma hadi tarehe 2, keki yote itaonekana niliila kabla sijajua naumwa. Nani atamlaumu asiyejua?

Nimekigeuza mgongo. Skrubu nne, ndogo kuliko mbegu za mchicha. Nimeziona zote bila lenzi.